20.9: Maneno kwa Wanaoshuka kwenye Ngama, Karo na Visima vya Tanga

Assalam aleykum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nawaona watu wa bandarini mmekaa mbele, mafundi wa kuchomelea mko pale dirishani, vijana wa magari ya maji taka nyuma, na wachimba visima tumesalimiana mlangoni. Kazi zetu ni mbalimbali, lakini sote hushuka, au huwashusha watoto wa wenzetu, mahali ambapo hewa haizunguki. Siku hizi wengi mnashuka na kipima gesi kimebanwa kifuani. Jambo hilo linanifurahisha sana, maana miaka ya nyuma mtu alishusha kandili kisimani kwa kamba, likizimika anarudi nyuma, lisipozimika anashuka. Kandili huzimika oksijeni ikiwa imeshapungua sana, na penye methani linalipua shimo zima.

Lakini kuna kitufe kimoja kwenye kipima gesi ambacho nakuja kukisemea leo, nacho ni kile cha kusawazisha kwa hewa safi. Kinabonyezwa kila asubuhi, mara nyingi bila kufikiri, na mara nyingi mahali pabaya. Mimi kazi yangu ni vipimo. Vifaa vyenu hupita mikononi mwangu, na nataka niwaambie wazi ninachokiona: watu wanakiamini kifaa kuliko kifaa kinavyostahili, kwa sababu hawajui kwamba namba ile kwenye kioo wameiweka wao wenyewe.

Hewa ya hapa Raskazoni, ya Korogwe, hata ya kileleni Kilimanjaro, ikiwa kavu na safi ina oksijeni asilimia 20.9. Naitrojeni ni 78, argoni karibu moja, na mengine ni kidogo sana. Kifaa chako hakiijui namba hiyo. Ndani yake mna sensa, yaani kihisio, ndogo yenye metali ya risasi upande mmoja na metali isiyoliwa upande wa pili, kama dhahabu au platini, katikati mna maji ya kemikali. Oksijeni inaingia kupitia kitundu chembamba au utando, inafika ndani, inaila ile risasi, na katika kuliwa huko unazaliwa umeme mdogo sana. Oksijeni ikiwa nyingi umeme unaongezeka, ikipungua umeme unapungua. Kifaa kinachoona ni umeme tu. Ni wewe, unapobonyeza kitufe cha hewa safi, unayekiambia: huu umeme unaouona sasa hivi, uite 20.9.

Sasa fikirini. Kijana amefika kwenye karo la nyumba ya wageni, amefungua kifuniko, amekaa ukingoni anavaa buti. Anakumbuka kipimo. Anakiwasha hapohapo, anabonyeza hewa safi. Pale ukingoni gesi ya karo imeshapanda. Tuseme oksijeni ya kweli pale ni asilimia 20.0. Kifaa kinatii, kinaandika 20.9. Tangu dakika hiyo, king'ora kilichopangwa kulia kwa 19.5 kitalia oksijeni ya kweli ikiwa imeshafika 18.7. Akibonyezea mahali penye 19.0, king'ora kitasubiri mpaka 17.7. Huyu ni sawa na mwenye duka aliyechukua jiwe la mizani lililopungua kisha akaliita kilo: kila atakachopima baada ya hapo kimepunjwa, na mizani yenyewe inaonekana haina kosa. Tofauti ni kwamba dukani mteja hupoteza sukari.

Na msidhani kosa hili ni la karo tu. Nimewaona watu wanasawazisha vipimo kando ya jenereta inayotema moshi. Nimewaona wanasawazisha juu ya sitaha, pembeni kabisa ya mlango wa ngama, chumba cha chini cha meli, uliokwisha kufunguliwa, upande ule upepo unaotoka ngamani unakopita. Wengine husawazisha ndani ya stoo ya mitungi ya kuchomelea. Hapo kosa linageuka: mtungi wa oksijeni ukivuja, hewa ya stoo inazidi 20.9, na kifaa kikishafundishwa kwamba hiyo ndiyo ya kawaida, nje kitasoma chini na kulia ovyo. Utasema afadhali, kinalia mapema. Mimi sisemi afadhali. Kifaa kinacholia ovyo huzimwa na kutiwa mfukoni kabla ya saa nne.

Mabaharia wa hapa wanajua maana ya goshini, upande upepo unakotoka. Hapo ndipo pa kusimama. Wakati wa kusi geuka kusini, wakati wa kaskazi geuka kaskazini, weka shimo, jenereta, gari linalonguruma na watu wanaovuta sigara nyuma yako, tena mbali nawe. Tembea. Hatua hamsini hazimchoshi mtu. Washa kifaa, kiache kipate joto la mahali, hasa kama kimetoka kwenye gari lenye kiyoyozi, kwa sababu kikitoka kwenye ubaridi kuingia kwenye unyevu wetu huu, umande unaweza kuganda juu ya sensa na kuziba njia ya hewa. Subiri namba itulie.

Kisha, kabla ya kubonyeza, soma namba na uiandike.

Hili naliomba kwa nguvu zote, na kama mtasahau mengine yote, hili mlishike. Namba ya kabla ya kubonyeza ndiyo inayokuambia hali ya sensa yako. Ukibonyeza kwanza umefuta ushahidi. Kila asubuhi utaona 20.9 na utadhani kifaa ni kizima. Aliyeandika anaona mwenendo: wiki ile kilisoma 20.8, wiki hii 20.5, leo 20.0, mahali palepale, hewa ileile. Risasi inakwisha. Sensa nyingi za aina hii huishi kama miaka miwili, na umri huo unahesabiwa tangu ilipofunguliwa kwenye pakiti yake, ukikitumia kifaa au ukikifungia kabatini, kwa sababu oksijeni ya kabatini inaila risasi vilevile. Kwa hiyo ukiuziwa kifaa cha bei nafuu ambacho "hakijatumika," tafuta tarehe ya sensa. Kutotumika hakuifanyi kuwa mpya.

Daftari la shilingi chache na kalamu vinatosha. Tarehe, saa, mahali, namba ya kabla, namba ya baada, jina la aliyepima. Wakaguzi wanaosimamia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 watafurahi kuliona daftari hilo, lakini mimi sikutumi uliandike kwa ajili yao.

Kuna swali ambalo mafundi wa hapa huniuliza na lina haki yake: mbona kifaa kinasoma 20.4 au 20.3 nje kabisa, ufukweni, hakuna shimo wala moshi? Jibu ni unyevu. Mvuke wa maji nao ni gesi, na unachukua nafasi. Siku ya joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, ambayo kwa Tanga ni siku ya kawaida tu, mvuke peke yake unachukua zaidi ya asilimia 3 ya hewa yote, na oksijeni inabaki kama 20.2 au 20.3. Hapo kifaa kimesema kweli. Ndiyo maana nasema linganisha na daftari lako mwenyewe la msimu uleule, usilinganishe na kitabu kilichoandikwa nchi ya baridi kavu. Ukijua namba ya kawaida ya masika na ya kiangazi, hutatupa sensa nzima wala hutabaki na iliyokufa.

Jambo la pili linawahusu wanaopanda Lushoto na kurudi. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Asilimia ya oksijeni kule ni ileile, lakini hewa yenyewe ni nyepesi, mgandamizo wake umepungua kwa karibu asilimia 15. Sensa zenye utando hupima mgandamizo wa oksijeni, kwa hiyo kifaa kilichosawazishwa Tanga mjini kikifika Lushoto kitasoma karibu 18 na kupiga kelele hewani kweupe. Hilo linaudhi tu. Kinyume chake ndicho kinachoua. Kifaa kilichosawazishwa Lushoto asubuhi, kikateremshwa mchana mpaka pwani bila kusawazishwa upya, kitaitazama hewa ya shimo yenye oksijeni asilimia 18 na kuandika 21. Sensa za kitundu haziathiriki kiasi hicho, lakini usikisie kifaa chako ni cha aina gani. Soma kitabu chake, na ukibadilisha mwinuko sawazisha pale unapofanyia kazi.

Sasa niiache hewa safi. Kusawazisha kwa hewa safi kunakuambia kwamba kifaa kinaijua hewa nzuri. Hakukuambii kama kitaitambua mbaya. Sensa ya oksijeni inaweza kuganda namba ikabaki palepale 20.9 ukiwa umeshafika chini, na kichujio cha sensa za gesi nyingine kinaweza kuziba kwa vumbi la saruji au la chokaa, zikabaki kwenye sifuri. Kifaa kilichokufa kwa kuziba hufanana kabisa na kifaa kilichoko mahali salama.

Dawa yake ni kukionjesha gesi mbaya unayoijua. Unachukua mtungi mdogo wa gesi ya majaribio, ambao lebo yake inasema oksijeni iliyomo ni asilimia ngapi, mara nyingi 18 au pungufu ya hapo, iliyobaki ni naitrojeni, pamoja na vipimo vidogo vya gesi nyingine kama kifaa chako ni cha gesi nne, yaani oksijeni, gesi zinazolipuka, haidrojeni salfaidi na monoksidi ya kaboni. Unafunga regyuleta, kidhibiti cha mkondo wa gesi, kwa vifaa vingi ni ile ya nusu lita kwa dakika, unavalisha kofia ya kifaa, unafungua. Namba inatakiwa ishuke, itulie karibu na ile ya kwenye lebo, na king'ora kilie, taa iwake, kifaa kitetemeke. Vyote vitatu. Halafu ukiondoa kofia namba irudi juu yenyewe. Hii ni kazi isiyofika dakika mbili, na inapaswa kufanywa kila siku ya kushuka, kabla ya kushuka. Kisipofaulu, ndipo unafanya usawazishaji kamili kwa gesi ya mtungi, na kikikataa tena, sensa imekwisha, kifaa hakishuki. Usawazishaji kamili wenyewe watengenezaji wengi hutaka usipite miezi 6. Tarehe ya mwisho ya mtungi nayo iangaliwe, maana gesi iliyopitwa na tarehe ni shahidi asiyeaminika.

Ukitaka kukijua kifaa zaidi, hasa baada ya kubadilisha sensa, kipe naitrojeni tupu. Kinatakiwa kishuke mpaka sifuri au jirani kabisa na sifuri. Fanyeni jaribio hilo nje, tafadhali. Naitrojeni haina harufu, na chumba kidogo chenye mtungi unaovuja ni karo jingine.

Wapo wanaokipulizia kifaa pumzi. Pumzi ya mtu ina oksijeni kama asilimia 16 au 17, kwa hiyo kifaa kizima kitalia. Nawaelewa, mtungi ni ghali na mdomo ni bure. Lakini pumzi imejaa maji, haina kipimo kinachojulikana, na haikuambii chochote juu ya zile gesi nyingine tatu. Mtu aliyepuliza na kuridhika hajapima.

Nimetaja gesi nyingine, na hapa naomba mnisikilize hasa nyie wa maji taka na wa matanuri ya chokaa. Oksijeni ni moja ya tano tu ya hewa. Gesi ngeni ikiingia shimoni, inasukuma hewa yote, na oksijeni inapungua kwa sehemu yake ya moja ya tano. Kwa hiyo kila asilimia moja ya oksijeni inayopotea kwa kusukumwa ina maana asilimia karibu 5 za kitu kingine zimeingia. Piga hesabu upande wa tanuri. Kioo kinasoma 20.0. King'ora kimenyamaza, kwani hatujafika 19.5. Kama kilichoingia ni hewa ukaa, basi imeshapita asilimia 4, na kiwango hicho kinahesabiwa kuwa ni cha hatari ya papo hapo kwa maisha. Kwenye karo ni vibaya zaidi, kwa sababu haidrojeni salfaidi, ile ya harufu ya mayai viza, inahitaji sehemu 100 tu katika milioni kufikia hatari hiyo hiyo, na kiasi hicho hakitikisi namba ya oksijeni hata kidogo. Tena kwa wingi huo pua inaacha kuisikia.

Ndiyo maana nawaambia msisubiri king'ora. Ukisawazisha vizuri nje ukapata 20.9, na mdomoni mwa shimo ikaonyesha 20.6, hujapata ruhusa ya kushuka. Umepata swali: ile asilimia 0.3 imekwenda wapi? Ama kuna kitu kimeisukuma, ama kuna kitu kimeila.

Wa bandarini mnavijua vinavyokula. Kutu inakula oksijeni. Tangi la farumi, maji ya kuituliza meli, lililofungwa muda mrefu, stoo ya mnyororo wa nanga, chuma chakavu ngamani. Magogo na vipande vya mbao vinakula. Mbata, nazi iliyokaushwa, inakula, na sisi watu wa minazi tunaiona mbata kama chakula tu, haitutishi. Makaa ya mawe yanakula na juu yake yanatoa methani. Mabaki ya mkonge yakioza shimoni yanafanya yote mawili. Kule Hale yamejengewa mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi yake, kwa hiyo nguvu ya gesi hiyo si hadithi. Na kule Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, kumejengwa matangi makubwa ya mafuta, na vijana wetu wengi watapata kazi kwenye mitambo ya namna hiyo, ambako naitrojeni huingizwa kwenye mabomba na matangi kwa makusudi ili kisiwepo cha kuungua. Huko kifaa kinachodanganya kwa asilimia mbili hakina nafasi.

Kama kifaa ni cha gesi nne, oksijeni isomwe kwanza. Sensa ya gesi zinazolipuka katika vifaa vingi hufanya kazi kwa kuichoma gesi kidogo ndani yake, na bila oksijeni ya kutosha haichomi, inaonyesha salama mahali palipojaa methani. Shusha mpira wa pampu, pima juu, pima katikati, pima chini, kwa sababu methani hupanda na haidrojeni salfaidi hushuka. Kila kituo subiri. Hewa inachukua muda kupita kwenye mpira na sensa inachukua muda kuamua.

Kwa nini ninashikilia hivi? Kwa sababu mwili wetu hauna king'ora cha oksijeni. Kinachotufanya tuhisi kukabwa ni hewa ukaa kujaa kifuani. Mahali ambapo oksijeni imeondoka na naitrojeni imebaki, unapumua vizuri, kifua hakikubani, na kwenye asilimia 16 akili inaanza kukosea hesabu bila mwenyewe kujua. Chini ya 10 mtu anazimia. Kwenye hewa isiyo na oksijeni kabisa, pumzi moja au mbili zinamwangusha. Aliye juu anaona mwenzake amelala, anashuka kumwokoa. Mwaka 1986 taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, iliandika kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa sehemu za namna hii ni waliokwenda kuokoa. Ndugu, marafiki, kaka wa marehemu. Mtu akianguka chini, asishuke mtu. Kamba iwe imefungwa kwake tangu mwanzo, na juu pawe na winchi na watu wa kumvuta.

Najua mtasema habari ya gharama. Mtungi wa gesi ya majaribio si wa bei ya kila fundi, na hapa Tanga kuupata ni kuagiza na kungoja. Pendekezo langu ni mnunue kwa kikundi. Wa maji taka mna umoja wenu, mafundi wa kuchomelea mna wenu; mtungi mmoja unaonjesha vifaa vingi, kwani kila jaribio linatumia gesi kidogo. Uwekwe kwa mtu mmoja mwaminifu, na kifaa kisichopita kwake asubuhi kisihesabiwe kuwa kipo. Kwa waajiri waliokaa hapa nasema bila kuficha: ukimpa kijana kipima gesi bila gesi ya kukijaribu, umemwongezea ujasiri na hukumwongezea usalama. Yule asiye na kifaa angalau anaogopa, anafungua vifuniko vyote, anaweka feni, anangoja.

Sasa tutoke nje. Waliokuja na vifaa viwasheni tukiwa njiani, lakini asibonyeze mtu kitufe chochote. Tutasimama uwanjani upande wa bahari, jenereta la ukumbi liko nyuma ya jengo na upepo leo unatoka kusini, kwa hiyo hapo pamefaa. Daftari liko mezani. Kila mmoja ataandika kwanza namba yake ya kabla, kisha ndipo tuanze na huyu kijana wa karo aliyeniambia chake hakijawahi kuonyesha kingine zaidi ya 20.9.